Uso wa Fundi Mrisho

Athumani, mtoto wa kaka yangu, alinipigia simu asubuhi kabla sijanywa chai, akaniambia sanamu imeanguka. Hakusema sanamu ipi na mimi sikuuliza. Kwetu sanamu ni moja tu, ile ya mninga iliyosimama kwenye bustani ya boma kule Tabora tangu enzi za Mwingereza: fundi wa milango ameinamia ubao wake, patasi mkononi, mgongo amewapa wapita njia. Fundi huyo ni baba yangu. Athumani akasema miguu ilikuwa imeoza siku nyingi, upepo wa juzi ukamalizia kazi, na sasa babu amelala kifudifudi juu ya maua, watu wa bustani wanauliza sisi wenyewe tunasemaje. Nikamwambia asubiri, nitampigia. Kisha nikakaa na kikombe changu, nikainuka, nikafagia ua uliokwisha kufagiliwa, nikakaa, nikainuka tena kwenda kuwaangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote. Ndivyo nilivyo. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia wageni wamsalimie mkewe upesi kabla hajapita. Lakini sikuzaliwa hivi. Kuna mwaka nilioanza kushindwa kukaa, na ndio mwaka iliposimamishwa sanamu ile, kwa hiyo acha niusimulie kwanza. Athumani atasubiri.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa kuolewa, na msiba niliukuta umeshapoa. Nilikuwa Ujiji kwa mama mdogo aliyejifungua, nikimchemshia maji na kumbebea mtoto, wakati mtu wa reli alipotuletea habari kwamba baba ameamka mzima, amekunywa uji, amechonga, na adhuhuri amefariki. Nilipanda treni siku hiyohiyo. Lakini kwetu maiti hasubirishwi, na ni haki yake, na nilipoteremka stesheni ya Tabora walikuwa wameshamzika tangu jana. Nilitembea mpaka nyumbani Mtendeni nikiwa nimeshika chupa ya mawese ambayo mama mdogo alinipa nimpelekee baba, na nilikuwa bado nimeishika nilipoingia ukumbini. Palikuwa na mlango ambao hakuumaliza, umelazwa juu ya magogo, na maranda yake yamezagaa chini kwa sababu mama alikataza yasifagiliwe. Watu walinikumbatia wakalia upya kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa na swali moja tu, nikamuuliza kila mtu mpaka wakaanza kunikwepa: uso wake ulikuwaje? Wakasema alikuwa kama amelala. Nikauliza kama amelala vipi, amekunja paji au hakukunja, mdomo ulifumba au haukufumba. Shangazi mmoja akaniambia nimwogope Mungu, nikale.

Picha hatukuwa nayo. Mhindi mwenye studio, ambaye baba alimchongea mlango wa duka, aliwahi kumwomba asimame mbele ya kazi yake apigwe bure. Baba akakubali vizuri kabisa, akaenda akasimama nyuma ya mlango. Picha hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo. Unaona mlango wote, maua yake na mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, na pembeni unaona vidole vya mtu anayeushikilia usijifunge. Vidole vile navijua, lakini vidole si uso. Na kilichokuwa kinanitia wazimu ni kwamba uso wenyewe ulikuwa unaniponyoka. Nikifumba macho nilimwona baba mgongo. Maisha yangu yote nilimwona hivyo, ameinama, na nikimwita aliitikia naam mwanangu bila kugeuka. Sasa nikawa nautafuta uso nikipepeta mchele, nikiwa kisimani, nikiwa kwenye swala, Mungu anisamehe, na kila nikiukaribia unageukia upande wa pili. Nikawa sikai. Nilikwenda Isevya kununua unga tulionao, nikarudi, nikasema nimesahau chumvi, nikaondoka tena. Majirani walidhani natafuta mchumba.

Mama alikuwa ndani kwenye eda. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, sanduku la nguo, na dirisha dogo lenye pazia lililofifia kwa jua. Alivaa nyeupe, hakupaka wanja wala hina, hakutoka, hakuonwa na mwanamume asiye wa kwake, na alitulia kimya mpaka nikawa naona gere, kwa sababu mimi nilikuwa nimebanwa na ngozi yangu mwenyewe. Asubuhi nilimpelekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa kisha vikachemshwa, na nilimwekea asali juu kama baba alivyopenda. Alikula michembe akaiacha asali pembeni ya sahani. Mchana ugali wa mtama na mlenda wa karanga, na hapo pia alikula kidogo, akaniuliza kwa nini ninasimama mlangoni kama mgeni, nikae. Nilikaa, na kabla hajamaliza tonge nilikuwa nimeshasimama. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye siku zile, na nashangaa jinsi alivyonivumilia.

Habari ya sanamu ililetwa na karani wa boma. Kulikuwa na Mwingereza mmoja pale ambaye watu walimwita Bwana Bustani, kwa kuwa alionekana zaidi kwenye maua yake kuliko ofisini. Baba alimchongea mlango wa boma, na wakati wa kazi hiyo walizoeana, wakawa wanazungumza kwa kuchora chini kwa vijiti, maana Kiswahili cha Bwana kilikuwa cha kuamrisha tu na hakikufaa kwa mazungumzo. Sasa alikuwa anakaribia kurudi kwao moja kwa moja, na alitaka kuacha bustanini sanamu ya fundi aliyemjua. Aliuliza kama sisi tunakubali. Jambo hilo la kuulizwa liliwashangaza wazee kuliko sanamu yenyewe.

Baba Mdogo Seifu alikuja na wenzake wawili wa msikitini, wakakaa ukumbini, mama akiwa upande wa pili wa pazia. Mimi nilikuwa kwenye ujia na sinia ya chai, na sikuona sababu ya kuingia upesi. Baba mdogo alisema watu watatucheka kwamba tumemfanya ndugu yetu kinyago, na kwamba anayetengeneza sura ya mtu ataambiwa siku ya mwisho aitie roho, naye hataweza. Mama akasema anachoogopa yeye ni mume wake kusimama nje kwenye mvua na huku yuko chini amelala, kwamba hatapata raha huku wala kule. Mmoja wa wale wazee alikuwa mpole, akasema Mwingereza akishaamua amekwisha kuamua hata akiuliza, kwa hiyo njia ni moja: kama ni lazima asimame, asiwe na uso. Kisicho na uso si mtu, ni mti uliochongwa kama mlango. Baba mdogo akakubali, lakini akaapa kwamba akisikia sanamu ile ina uso atakwenda na shoka mchana kweupe, wamfunge wakitaka. Hakuwa mtu wa masihara. Alipokwisha kuapa, tuliisikia sauti ya mama kutoka nyuma ya pazia.

“Haya. Asiwe na uso.”

Chai ilinimwagikia mguuni. Nilikuwa nimeanza kuota, tangu karani alipotoka, kwamba kuna mtu atakayemrudisha baba, hata kwa mti, nami nitasimama mbele yake nimtazame nishibe. Sasa walikuwa wamemzika mara ya pili, na mara hii pia nilikuwa nje ya mlango. Nililia jikoni kwa hasira, nikakatakata vitunguu ili nipate kisingizio.

Kazi alipewa Kasimiri wa Itetemia, Mkristo, aliyekuwa akiwachongea Wakatoliki watakatifu wao. Alikuwa kijana mkubwa mwenye mikono mipana na maneno machache. Mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea sharti la wazee, na kwa kuwa sikuweza kwenda peke yangu nilifuatana na Bi Tausi. Huyu alikuwa Mzaramo, mpika vitumbua, na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba mizigo kwenye njia moja mpaka pwani wakizikana humo njiani. Mtani msibani ana ruhusa ambayo hana mwingine. Siku ya mazishi Bi Tausi alivaa kanzu ya baba na kofia yake, akaingia ukumbini akamwiga anavyochonga, na waliokuwa wanalia walicheka mpaka wakashika mbavu, na hakuna aliyethubutu kukasirika. Hata hilo nilikuwa nimelikosa.

Kasimiri alisikiliza sharti, akasema amelisikia. Kisha akauliza atamchongaje mtu ambaye hakupata kumwona. Bi Tausi akaweka chini kikapu chake, akafunga khanga vizuri kiunoni, akachukua patasi akaichomeka nyuma ya sikio, akaokota nyingine. Alipandisha bega moja. Aliinama kwenye ubao uliokuwa pale mpaka pua ikakaribia kugusa, maana baba macho yake ya karibu yalikuwa mabovu na miwani alikataa, na akasema Mnyamwezi wake huyu alikuwa hachongi mlango, alikuwa ananusa kama mtu aliyesikia pilau ya jirani. Halafu akapandisha mguu wa kushoto juu ya wa kulia, akasimama hivyo kama kuku kwenye baridi. Nilicheka, na katikati ya kicheko nikanyoosha mkono kutaka kuugusa, kwa sababu mgongo ule ulikuwa wa baba. Ulikuwa mgongo wake hasa, na alikuwa anauvaa mwanamke mnene muuza vitumbua. Kuhusu mguu nilibisha, nikasema baba hakuwa anasimama vile. Bi Tausi akaniambia kwani mimi niliwahi kumtazama miguu. Kasimiri alikuwa ameshachora vyote chini kwa mkaa. Hakujua kipi ni cha marehemu na kipi ni cha utani, na mguu ule akauchonga.

Baada ya hapo tulikwenda mara nyingi. Mama alisema fundi anayemchonga mtu wetu ni mgeni wetu, apelekewe chakula, basi tulimpelekea wali na maharage, na vitumbua vya Bi Tausi, na ile asali iliyobaki pembeni ya sahani. Gogo la mninga lilikuwa linapungua na mtu alikuwa anatoka, kwanza kisogo, kisha mabega, kisha mikono. Usoni alikuwa hajafika. Nilizungukazunguka kibandani pale, nikigusa hiki na kile, nikichungulia nje, mpaka siku moja, Bi Tausi akisinzia kwenye kigoda mlangoni, Kasimiri akaniuliza ninatafuta nini.

“Mama amesema asiwe na uso,” nikamwambia.

“Hilo nimeshalisikia. Wewe umesema nini?”

“Mimi sikuulizwa.”

“Mimi nimekuuliza, dada.”

Nikamwambia. Nilimwambia yote, treni, chupa ya mawese, vidole kwenye picha, jinsi uso unavyogeuka kila nikiukaribia. Nilimwambia sitaki mti, nataka baba anitazame mara moja tu nijue kwamba alijua kuwa sikupuuza, nilikuwa njiani. Nililia mbele ya mwanamume nisiyemjua, buibui limeniteleza mabegani, pua inavuja, na sikujali. Kasimiri hakunibembeleza. Alikaa na mkaa wake mkononi akinitazama, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, mpaka nikamuuliza ananitazama nini. Akasema mwanga umekaa vizuri, nisisogee. Nikamwambia hana haya, nikamwamsha Bi Tausi tukaondoka. Tangu siku hiyo sikurudi Itetemia, chakula kikawa kinapelekwa na Bi Tausi peke yake.

Sanamu ilisimamishwa bustanini mama alipokuwa amekwisha kutoka eda. Aliniambia nimsindikize. Alikuwa ameoga, amepaka hina kidogo kwa kujitoa kwenye nyeupe, na alitembea polepole kwa sababu miguu ilikuwa imesahau barabara. Baba Mdogo Seifu alitangulia na wale wazee wake. Tulimkuta baba ameinama, bega moja juu, mguu juu ya mguu, na ubao wa mlango mbele yake umeegemezwa chini sana, pua yake karibu iuguse. Wazee walimzunguka. Mbele huwezi kuona kitu, ubao umekinga. Pembeni unaona upande wa kofia na sikio lenye patasi. Ili uone kama kuna uso au hakuna ilikuwa lazima upige magoti, uinamishe kichwa mpaka kwenye majani, utazame juu. Wazee wakatazamana. Hakuna Mwislamu mwenye akili zake ambaye angepiga magoti na kuinamisha kichwa mbele ya sanamu, na Wazungu na makarani wao wakiangalia. Baba mdogo alisimama pale na hasira yake, mikono nyuma, hajui aiweke wapi.

Kasimiri alikuwa amesimama mbali karibu na ua wa michongoma, kofia mkononi, na hakunitazama hata mara moja.

Mama akasema kiatu kimemlegea. Akachuchumaa, akashughulika nacho, akainama zaidi, akabaki pale. Nilimwona mabega yake yametulia kama alivyokuwa anatulia kule chumbani. Kisha akainuka taratibu akakung'uta buibui.

“Hana uso,” alimwambia baba mdogo, kwa sauti iliyosikika na wote. “Ni ubao mtupu. Twendeni.”

Njiani nilikuwa nyuma yake nikijing'ata midomo. Nilikuwa nimebaki na tumaini la kijinga, sasa nalo limekwisha. Mama bila kunigeukia akasema, “Ni yeye kabisa. Hata alipokuwa hai, akishashika patasi ulikuwa humwoni uso.” Nilidhani ananifariji, na nilimkasirikia kwa hilo. Hazikupita siku nyingi nikaomba niende kusomea uuguzi mbali, popote, na baba mdogo kwa mshangao wa wote akakubali, nadhani alichoka kuniona napita. Nikapanda treni.

Na sikukaa tena. Nimefanya kazi Kigoma, Dodoma, Morogoro, nimezalisha wanawake nisioweza kuwahesabu, nimeolewa, nimezaa, nimehama nyumba kila nilipoanza kuijua harufu yake. Tabora nilirudi kwa harusi na kwa misiba. Kila mara nilipita bustanini nikasimama nyuma yake, nikatazama mgongo ule ulionirudia Bi Tausi alipouvaa kwa utani, na nikaridhika nusu. Sikupiga magoti. Nilikuwa na neno la mama, na mama hakuwa mwongo. Kibaya zaidi ni ule mguu. Siku hizi nikimkumbuka baba namwona amepandisha mguu juu ya mguu, na sina tena wa kumbishia, maana Bi Tausi naye tumeshamzika, na watani wake Wanyamwezi tulimcheka kaburini kama inavyotakiwa.

Basi nikampigia Athumani. Nikamwambia wasimguse, wasimgeuze, waje watu wa ukoo kwanza. Akasema wameshamgeuza, wangemwachaje mzee amelala kifudifudi. Akasema miguu haifai, mkono mmoja umevunjika, ila uso ni mzima, kama ulivyochongwa, kwa sababu mvua haikuwahi kuufikia.

Nikamuuliza uso upi.

Akasema, “Kwani shangazi hujui?” Kisha ikamtoka yote kwa mpigo. Kwamba wao tangu watoto walikuwa wakijipenyeza chini ya ule ubao na kulala chali kumtazama. Kwamba ni uso wa mtu aliyetoka kulia, macho makubwa, kidevu hiki cha kwetu. Kwamba walikuwa wakimwita Shangazi Mwajuma, kwa jina langu, na siku zile nilipokuja kweli nikiwa na sanduku langu walikuwa wakifinyana wasicheke. Bibi yao, yaani mama yangu, aliwakataza wasiseme mbele ya Babu Seifu mpaka atakapokufa, na alipokufa wakawa wamezoea kutosema.

“Babu Seifu alikufa zamani,” nikamwambia. “Mimi je? Mama aliishi miaka yote ile. Kwa nini hakuniambia mimi?”

Athumani akakohoa. Alikuwa anaona haya kwa niaba ya marehemu.

“Nilimuuliza hivyohivyo, shangazi. Akasema kila akitaka kukuambia, ulikuwa umeshasimama.”

Nikamwambia amfunike kwa khanga asipigwe na jua, nakuja. Kisha nikavuta kigoda, nikakaa.